Fito za Nyumba ya Kuvu

Katika nchi iliyo kati ya maporomoko ya Rusumo na ziwa Burigi, pale vilima vya Ngara vinapoteremka kuelekea miombo ya Biharamulo, wanyama na kuvu walijenga nyumba za namna moja. Kuta zilikuwa za mafuta, tabaka mbili zilizolaliana, laini hata aliye ndani akahisi pumzi ya aliye nje. Ukuta wa mafuta una taabu zake. Jua likiwaka hulegea na kuvuja. Umande wa alfajiri ukishuka hukakamaa. Ndiyo maana kila mwenye nyumba, awe mnyama au kuvu, alichomeka fito ndani ya mafuta: fito fupi, ngumu, zenye mkia mwembamba, zikisimama bega kwa bega ili ukuta usiyeyuke na usigande.

Fito hizo zina asili moja. Babu yao ni Skwaleni, uzi mrefu wa pingili 30, ambao karakanani hukunjwa mpaka ukapata pete nne ukaitwa Lanosteroli. Baada ya hapo njia zinaachana. Wanyama humchonga Lanosteroli wakapata Kolesteroli, ufito wa pingili 27 wenye kifundo kimoja. Kuvu humchonga kwa mkono wao wakapata Egosteroli, ufito wa pingili 28 wenye vifundo vitatu. Ukiziweka zote mbili kiganjani gizani, utaapa ni ufito mmoja. Juu ya tofauti hiyo ya pingili moja na vifundo viwili ndipo imesimama sehemu kubwa ya dawa zote za fangasi tulizo nazo, kuanzia krimu ya dukani hadi dripu ya wodini.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Mwami Nyati kutoka vilima vya Bugufi, na baraza lake lilikutana Lusahunga, penye njia panda, ili kila mjumbe afike kwa urahisi. Karani alikuwa Nguchiro. Mtunza ghala alikuwa Fisi. Mganga alikuwa Bibi Kobe, aliyewazalisha nusu ya wajumbe wale. Mchwa hakuwa na kiti barazani, maana aliishi chini ya ardhi na hakuna aliyekumbuka kumwalika.

Shida ya kwanza ilikuwa ndogo. Watoto wa Mama Ngedere walitoka mapunye kichwani, nywele zikakatika viraka viraka. Bibi Kobe akamwita Terbinafini, kijana mwenye kazi moja tu: husimama mlangoni mwa karakana ya kuvu na kumzuia Skwaleni asikunjwe. Kuvu hukosa fito, na wakati huohuo Skwaleni asiyekunjwa hujaa ndani matone kwa matone mpaka nyumba inalewa sumu ya malighafi yake yenyewe.

"Wape wiki nne, mwanangu," alisema Bibi Kobe. "Usihesabu kuwashwa, hesabu siku."

Wiki ya kwanza haijaisha, kuwashwa kukakoma. Mama Ngedere akavifunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa, akampelekea wifi yake Nyakahura ambaye naye alikuwa na choa. Mvua za vuli zilipoanza, mapunye yalikuwa yamerudi kwa watoto, na choa ya wifi haikuwa imepona.

Shida ya pili haikuwa ndogo.

Kuna kuvu mmoja avaaye joho la ute. Wataalamu humwita Kriptokokasi. Hukaa kwenye mavi ya njiwa na kwenye mashimo ya miti iliyozeeka, na upepo ukivuma kila mnyama humvuta puani. Wengi hawadhuriki, kwa kuwa kifuani mwa kila mnyama wamo walinzi wanaomzingira na kummaliza. Lakini aliingia nchini mwizi asiyeiba mbuzi wala ndizi. Yeye aliua walinzi. Wasomaji wa Kagera hawahitaji kuambiwa jina lake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na hakuna kilima kati ya Bukoba na Ngara ambacho hakikuzika. Walinzi wakishapungua chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo wa damu, yule wa joho hupata nafasi. Hutoka kifuani, hupanda hadi kichwani, akajenga kwenye utando unaofunika ubongo.

Paa alifika kwa Bibi Kobe akishikwa mikono na nduguye mdogo, Digidigi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kichwa kimeanza lini?"

"Mwezi uliopita. Nilidhani malaria. Nimemeza dawa ya malaria mara mbili."

"Unaniona mmoja au wawili?"

"Wawili, Bibi."

Bibi Kobe akamchoma kidole, akadondosha tone kwenye kijiti cha kipimo. Dakika 10 tu, mistari miwili ikatokea. Hakupoteza muda. Akaenda Lusahunga usiku huohuo, akaingia barazani kabla ya wajumbe kumaliza chakula, akaomba watu watatu kutoka ghalani.

Wa kwanza alikuwa Mzee Amfoterisini. Mzee huyu alitoka mbali: alitambuliwa miaka ya 1950 na watafiti wa kampuni ya Squibb katika udongo wa kando ya mto Orinoco, Venezuela, akiwa kazi ya bakteria wadogo wa ardhini. Ana dada yake mkubwa, Nistatini, anayetibu utando mweupe vinywani mwa watoto. Huyo aligunduliwa na wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, wakatangaza habari zake mwaka 1950, na wakampa jina kutokana na jimbo la New York walikofanyia kazi. Udongo aliotoka ulichotwa kwenye shamba la ng'ombe huko Virginia. Napenda kuwataja kina mama hao wawili, kwa sababu walitumia mapato ya ugunduzi wao kusomesha na kulipia tafiti za wengine badala ya kujitajirisha.

Wa pili alikuwa Flusitosini. Yeye hana habari na fito. Huingia ndani ya nyumba ya kuvu na kuharibu maandishi ambayo kuvu huyatumia kujinakili.

Wa tatu alikuwa Flukonazoli, na huyu ndiye pekee aliyekuwa ghalani. Ni mwaminifu, humezwa kwa maji, bei yake si kubwa, na hupanda kichwani bila taabu. Karakana ya kuvu ina kisu cha kukwanyua kijiti kwenye mwili wa Lanosteroli kabla hajawa Egosteroli, na katikati ya kisu hicho pana chembe ya chuma. Flukonazoli hukishika kisu pale pale penye chuma. Kisu hakikati tena. Fito mbovu zenye vijiti hurundikana ukutani na nyumba haikui. Hata hivyo haibomoki. Flukonazoli husimamisha ujenzi. Kuua, mara nyingi, hawezi.

"Mzee Amfoterisini ni ghali," alisema Fisi. "Anataka dripu. Anataka maji ya chumvi kabla yake na potasiamu baada yake. Anataka figo zipimwe kila mara. Na Flusitosini sijawahi hata kumwagiza."

Mwami Nyati akauliza, "Huyo Mzee anashambulia nini?"

"Fito, Mwami."

"Na huyu tuliye naye?"

"Fito hizohizo, Mwami."

"Basi kwa nini tuwalipe wawili kwa kazi moja?"

Baraza likacheka, Nguchiro akaandika kwamba imeridhiwa. Ajenda iliyofuata ilikuwa viti vipya vya wajumbe. Vikapitishwa bila swali.

Bibi Kobe alirudi na Flukonazoli peke yake. Kwa siku kadhaa Paa akapata nafuu, hata akaomba uji. Lakini kichwani mwake mlikuwa na jambo ambalo baraza halikulijua. Kati ya maelfu ya kuvu wale, wachache walikuwa wamenakili mara mbili kitabu ambamo imeandikwa namna ya kutengeneza kisu. Mwenye kitabu kimoja hutengeneza visu vya kutosha nyumba yake. Mwenye viwili hutengeneza zaidi. Flukonazoli alishika visu vyote alivyoweza, na vilivyobaki vikaendelea kukata. Wale wenye kitabu kimoja walikwama, wale wenye viwili wakazaana kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Hili si la kubuni. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi iliyofanywa kwa wagonjwa wa hapa Tanzania, ikaonyesha kuvu wakiongeza nakala za kromosomu ileile inayobeba maelekezo ya kisu, wagonjwa walipotibiwa kwa flukonazoli pekee. Walipoongezewa flusitosini, wale wenye nakala za ziada hawakupata nafasi ya kutawala.

Paa alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Alizikwa kwao, upande wa Nyakisasa.

Nasema wazi kwamba kifo hicho hakikutokana na ukosefu wa maarifa. Amfoterisini alikuwa na umri wa miongo mingi. Flusitosini naye vilevile. Kilichokosekana kilikuwa mstari mmoja kwenye daftari la ghala, na mstari huo haukuandikwa kwa sababu waliokuwa na kalamu hawakuwa na kichwa kinachouma. Wajumbe walifikiri kwamba kushambulia fito ni kazi moja. Kumzuia fundi asichonge ufito ni jambo moja, kuung'oa ufito uliokwisha kusimama ukutani ni jambo lingine kabisa.

Siku ya matanga alikuja mgeni ambaye hakuitwa. Mchwa alitokeza kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa karibu na kaburi, akaomba kuzungumza na Bibi Kobe faraghani.

"Poleni na msiba, Bibi. Mimi nakaa na kuvu. Shamba langu lote ni uyoga. Ndio huo ambao watoto wa Biharamulo huokota mvua zikianza. Na jambo moja hamlijui kuhusu sisi wadudu. Hatuna karakana ya fito. Hatuchongi hata moja. Fito zote tunazojengea miili yetu tunazipata kwenye chakula. Kwa hiyo mimi naujua ufito wa kuvu kwa ulimi, maana ndio nilao."

"Niambie basi," alisema Bibi Kobe. "Mzee Amfoterisini hufanya nini hasa? Niliambiwa hutoboa ukuta, potasiamu ikamwagika, kuvu akafa."

"Hutoboa, ni kweli. Lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Mwaka 2014 watu wa chuo cha Illinois kule Urbana, pamoja na mwalimu wao Martin Burke, walichungulia vizuri zaidi. Wakaona wazee hao hukusanyika juu ya ukuta kama sifongo. Hufyonza Egosteroli moja baada ya nyingine kutoka kwenye mafuta, mpaka ukuta ukabaki bila fito. Kuvu hawezi kuishi hivyo hata kama hakuna tundu."

"Na figo?"

Mchwa akanyamaza kidogo. "Mzee anafanya kazi gizani, Bibi. Kiganja chake kinapenda ufito wenye pingili 28, lakini akikaa muda mrefu huanza kuchomoa na ule wa pingili 27. Nyumba za figo ndizo huumia kwanza. Kosa lake ni kwamba fito zenu na za kuvu zinafanana mno."

"Hawezi kufundishwa?"

"Ameanza kufundishwa. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kumvika koti la mafuta, asafiri ndani yake na kufunguka karibu na kuvu. Anapovaa koti hilo figo husalimika zaidi. Ya pili ni kumbadili vidole. Mwaka 2023 watu walewale wa Illinois walitangaza ndugu yake mpya aliyetengenezwa ili afyonze Egosteroli haraka na kuiacha Kolesteroli. Huyo bado hajafika kwenye maghala ya mtu yeyote."

Bibi Kobe alimshika Mchwa mkono akaondoka naye hadi Lusahunga. Wajumbe walikaa kwenye viti vipya. Safari hii hakuomba. Alisimama katikati akazungumza.

"Mwami, ng'ambo ya mpaka, Uganda, na pia Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, wamefanya jaribio na wakalichapisha mwaka 2022. Mzee aliyevaa koti la mafuta alipewa mara moja tu, siku ya kwanza, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa. Halafu Flusitosini na Flukonazoli wakaendelea siku 14. Baada ya wiki 10, waliokufa walikuwa karibu 25 katika kila 100. Kwa tiba ya kawaida ya siku nyingi za dripu walikuwa karibu 29. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaikubali iwe tiba ya kwanza. Dripu moja, Mwami. Figo zikasumbuliwa kidogo, na wauguzi wakapumua."

"Na asipopatikana huyo mwenye koti?" aliuliza Nguchiro, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameweka kalamu chini.

"Mwaka 2018 ilichapishwa kazi nyingine iliyofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na hapa kwetu Tanzania. Wiki moja ya Mzee wa kawaida pamoja na Flusitosini iliokoa wengi. Na pasipo dripu kabisa, vidonge vya aina mbili pamoja, Flukonazoli na Flusitosini, kwa wiki mbili, vilifanya kazi inayostahili. Kisichofaa ni kile mlichompa Paa."

Hakuna aliyecheka. Nguruwe Pori, mjumbe wa wakulima, akainua mkono.

"Mimi nina binamu yake Flukonazoli shambani. Nampulizia kwenye mboga kila wiki, hata kama hazijaugua. Nikampulizie na Kuvu wa Joho?"

Mchwa ndiye aliyemjibu, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Mwaka 2014 watafiti waliripoti ukungu wa Aspajilasi waliouokota kwenye mazingira ya Tanzania hii, hospitali haijauona, na tayari ulikuwa hauwaogopi jamaa kadhaa wa Flukonazoli. Ulijifunzia wapi? Ukungu huo haumezi vidonge. Binamu unayempulizia na yule wa kwenye kidonge hushika kisu kwa mkono uleule. Kila unapopulizia bila sababu unaulea ukungu ulio tayari kumkabili mgonjwa."

Nguruwe Pori akaketi. Tangu siku hiyo, nimeambiwa, hupulizia anapoona ugonjwa kwenye jani, na hubadilisha aina ya dawa.

Mwami Nyati alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo angepaswa kuuliza mara ya kwanza: "Nani mwingine anaumwa kichwa?"

Alikuwa Digidigi. Alikuwa ameyaficha maumivu yake tangu matanga, kwa kuwa aliona nduguye alivyotibiwa. Bibi Kobe alimlaza ubavu, akamchoma sindano mgongoni, na maji ya uti wa mgongo yakatoka kwa nguvu. Aliyachukua mpaka msukumo ukashuka, na Digidigi akafumbua macho akasema taa imekuwa moja. Nataka jambo hili lisipitwe: katika ugonjwa huu msukumo wa maji kichwani huweza kuua haraka kuliko kuvu mwenyewe, na sindano hiyo huokoa hata kabla dawa yoyote haijafika. Bibi Kobe aliirudia kesho yake, na kesho kutwa.

Safari hii baraza liliridhia wote watatu. Mzee akaingia kwa dripu, maji ya chumvi yakimtangulia na potasiamu ikimfuata. Alifanya kazi usiku kucha. Kwenye kuta za kuvu fito zikaanza kupungua, mafuta yakalegea, joho la ute likabaki limeshikilia nyumba isiyokuwa na nguzo. Flukonazoli alikuwa karakanani ameshika visu ili fito mpya zisitengenezwe. Flusitosini alikuwa ndani anaharibu vitabu, na wale wenye vitabu viwiliviwili safari hii hawakupata upenyo. Digidigi alitetemeka kwa homa ya Mzee, kama wengi wanavyotetemeka, akafunikwa blanketi.

Siku ya 14 alikaa kitandani akamwita Bibi Kobe.

"Bibi, kichwa kimepoa kabisa. Naweza kuacha dawa?"

"Hapana, mjukuu wangu. Tulichofanya ni kuibomoa nyumba. Wenye nyumba wachache bado wapo. Flukonazoli utaendelea naye miligramu 800 kila siku kwa wiki nane, halafu miligramu 200 kila siku mpaka walinzi wako warudi. Dawa za kuwarudisha walinzi utazianza wiki ya nne hadi ya sita tangu ulipolazwa. Ukizianza mapema, walinzi wanaorudi kwa pupa watapigana ndani ya kichwa chako, na mapigano hayo huua."

"Na nitajuaje kwamba wamerudi?"

"Utakuja nikupime. Usijipime kwa maumivu. Maumivu huisha kabla ya ugonjwa."

Mama Ngedere alikuwa amekaa kwenye benchi la nje na watoto wake wawili, akasikia yote. Akamwomba Bibi Kobe vidonge vya Terbinafini vya wiki nne, na safari hii hakubeba kitambaa.

Fisi alikuja jioni na daftari la ghala. Kalamu ilikuwa sikioni.

"Niandike wangapi, Bibi?"

"Andika watatu kwenye mstari mmoja, mwanangu, ili siku moja mtu asije akasoma mmoja akadhani ametosha. Vipimo vya kidole viandike juu yao. Na zikibaki dozi tatu, agiza siku hiyohiyo, usingoje ziishe."